Mwanao anaanza methotrekseti: mambo ya jeni ya kuuliza, na ya kuachana nayo

Swali ninaloulizwa sana dirishani siku hizi ni hili: “Dada, hakuna kipimo cha kujua mapema kama hii dawa itamkubali mwanangu?” Wanaouliza wana sababu. Wamekaa benchi moja la kliniki na mama mwingine, watoto wao wana umri mmoja, magoti yalivimba namna moja, wakaandikiwa dawa ileile. Miezi minne baadaye mmoja anaruka kamba, mwenzake bado anabebwa mgongoni kwenda chooni. Halafu ndugu aliyeko Toronto anatuma ujumbe: huku wanapima jeni, mpimeni.

Nitoe jibu fupi kwanza, maana najua wengine mnasoma mkiwa kwenye foleni. Kwa methotrekseti, ambayo ndiyo dawa kuu ya baridi yabisi ya watoto, kipimo cha jeni, yaani vinasaba anavyorithi mtoto kwa wazazi wake, cha kukuambia mapema hakipo, ingawa jeni zenyewe zinahusika kweli. Kwa dawa nyingine chache vipimo vipo, na kimoja kati ya hivyo kinafanyika hapahapa kwetu na kinaweza kumwepusha mtoto na balaa. Kwa yote yaliyobaki, kipimo ni daftari. Mimi ni mfamasia wa hospitali, Dar es Salaam, lakini pia ni shangazi: binti wa kaka yangu, kule Tanga, ana ugonjwa huu tangu akiwa chekechea. Kwa hiyo nimesimama pande zote mbili za dirisha.

Jua aina ya ugonjwa kabla ya kuuliza jeni

Ugonjwa wenyewe ni uvimbe wa viungo ulioanza kabla ya mtoto kutimiza miaka 16, ukadumu wiki 6 au zaidi, na sababu nyingine zikatafutwa zisionekane. Hilo la kutafuta sababu nyingine lina uzito kwetu. Selimundu huvimbisha mikono na miguu ya watoto wadogo, kifua kikuu huingia gotini na kwenye nyonga, na kuna ile homa ya viungo inayofuata koo lililouma ikaishia kwenye moyo. Mtoto ambaye dawa “imemkataa” huenda tangu mwanzo hakuwa na ugonjwa huu.

Kimataifa umegawanywa katika aina saba. Omba jina la aina ya mwanao liandikwe kwenye kadi: viungo vichache, yaani visivyozidi vinne katika miezi sita ya mwanzo, viungo vingi, ile ya mwili mzima yenye homa na vipele, ile inayoshika pale kano inapojishikiza kwenye mfupa, na nyinginezo. Dawa huchaguliwa kwa aina kabla ya kitu kingine chochote, na jeni zinazoambatana na ugonjwa hutofautiana pia. HLA-B27, kwa mfano, inakwenda na aina ya kano, ambayo huwapata zaidi wavulana walioanza kukua. Lakini B27 ni adimu kwa Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara. Kwa hiyo kijana wa Kitanzania ambaye visigino vinamuuma kila asubuhi na kiuno hakikunjuki, akipimwa B27 akaambiwa “hasi”, bado anaweza kuwa na ugonjwa huo. Ukiambiwa mazungumzo yameishia kwenye jibu hilo peke yake, omba yaendelee.

Na macho. Watoto wa viungo vichache, hasa wasichana wadogo ambao kipimo cha damu cha ANA (kingamwili zinazoshambulia chembe za mwili wenyewe) ni chanya, hupata uvimbe ndani ya jicho usiouma wala kuwa mwekundu. Waende kwa daktari wa macho kwa ratiba hata kama goti limepona. Hili nimelisema, sitalirudia.

Kwa nini dawa moja, matokeo mawili

Mwaka 1992 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililohusisha watoto 127 wa Marekani na iliyokuwa Sovieti. Katika waliopewa miligramu 10 za methotrekseti kwa kila mita moja ya mraba ya eneo la nje la mwili, mara moja kwa wiki, asilimia 63 walipata nafuu. Katika waliopewa kidonge kisicho na dawa, asilimia 36. Jaribio hilo ndilo lililoipa dawa hii heshima yake kwa watoto. Lakini itazame namba kwa upande wa pili: zaidi ya theluthi ya waliopewa dawa yenyewe hawakupata nafuu ya kutosha. Si uzembe wa mama zao.

Dawa ikifika kwenye chembe ya mwili ni kama mgeni aliyefika nyumbani. Lazima kwanza afunguliwe mlango, na mlango mkuu unajengwa kwa jeni iitwayo SLC19A1. Akishaingia, kimeng'enya kiitwacho FPGS humtandikia mkeka, yaani huipachika dawa vipande vya glutamati ili isitoke upesi. Kimeng'enya kingine, GGH, hukunja mkeka huo. Halafu zipo protini za jamii ya ABC ambazo kazi yao ni kumsindikiza mgeni nje. Kila mtoto amerithi kwa wazazi wake mlango mpana au mwembamba, na wasindikizaji wavivu au wenye haraka. Watafiti wa Kansas City, Marekani, walipima dawa iliyokaa ndani ya chembe nyekundu za watoto wenye ugonjwa huu wakakuta tofauti ya mara 40 kati ya mwenye kidogo na mwenye nyingi. Mara 40, na dawa ni moja.

Ikiwa ndani, methotrekseti huzuia vimeng'enya vinavyotumia folati, yaani vitamini ya kundi B ambayo asidi ya foliki ni aina yake. Kimojawapo, ATIC, kikizuiwa, mwili hulimbikiza adenosini, na adenosini hutuliza uvimbe. Utafiti wa Uingereza wa 2011 ulikuta uhusiano kati ya tofauti za jeni hiyo ya ATIC na jinsi watoto walivyoitikia dawa. Ukafuata mwingine, 2014, uliopekua jenomu nzima, yaani vinasaba vyote, ya mamia ya watoto. Yalionekana maeneo ya kutiliwa shaka, lakini hakuna hata moja lenye nguvu ya kumwamulia mtoto mmoja aliyekaa mbele ya daktari. Jeni zinazohusika ni nyingi, kila moja inasukuma kidogo, na umri nao unasukuma, kwa sababu mwili wa mtoto wa miaka mitatu hauishughulikii dawa kama wa miaka kumi na mitano.

Inabaki MTHFR, jeni nyingine inayohusika na folati, kipenzi cha wauza vipimo. Karibu kila ripoti ya jeni inayoletwa dirishani ina MTHFR imekolezwa wino mwekundu. Tofauti yake inayotajwa zaidi, C677T, ni ya kawaida sana kwa Wazungu na kwa watu wa Meksiko; kwetu ni adimu zaidi. Na hata huko iliko nyingi, tafiti zimegongana, hii ikisema inaongeza madhara ya methotrekseti, ile isione kitu. Hakuna mwongozo wa madaktari wa viungo vya watoto unaodai ipimwe kabla ya kuanza dawa. Kama hela ya kipimo hicho ipo, nunua mizani ya bafuni na kipimajoto. Nitaeleza kazi yake.

Jambo moja la kubeba kutoka kwenye habari ya mkeka: hautandikwi kwa siku moja. Dawa hujijenga ndani ya chembe polepole, wiki baada ya wiki. Ndiyo maana nafuu huanza kuonekana kati ya wiki ya 6 na ya 12, na wengine huchelewa zaidi. Mzazi anayeacha wiki ya nne kwa kusema “haifanyi kitu” ameondoka kabla mgeni hajakaa.

Kuianza vizuri

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watoto wengi huumizwa hapa kuliko wanavyoumizwa na jeni zao.

Bibi mmoja alinirudishia boksi. “Mwanangu, nimesomewa, hii ni dawa ya saratani. Mjukuu wangu hana saratani.” Nikamwambia, shikamoo bibi, umesomewa kweli, lakini kule dozi hufika hata kuhesabiwa kwa gramu, huku ni miligramu chache mara moja kwa wiki. Mara moja kwa wiki. Chagua siku, iandike juu ya boksi kwa kalamu ya wino, na asiyejua kusoma nyumbani aijue kwa kitu anachokikumbuka: siku ya sala ya Ijumaa msikitini, siku ya ibada, siku ya gulio. Methotrekseti ikinywewa kila siku kwa makosa huua uboho, na uboho ukilala mtoto hana kinga wala damu. Ikitokea hivyo usisubiri dalili. Nenda hospitali siku hiyohiyo na boksi mkononi, maana ipo dawa ya kuzuia madhara na hufanya kazi vizuri ikiwahi.

Jifunze hesabu ya dozi. Siyo ili ujipangie, ila ili ushtuke. Zidisha urefu wa mtoto kwa sentimita na uzito wake kwa kilo, gawa kwa 3600, kisha tafuta kipeuo cha pili. Simu yako ina kikokotoo. Mtoto wa sentimita 115 na kilo 20 anapata mita za mraba 0.8. Dozi ya kawaida ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila mita ya mraba kwa wiki, kwa hiyo huyu anaangukia kati ya miligramu 8 na 12, yaani baina ya vidonge vitatu na vitano hivi vya miligramu 2.5. Ukiona umeandikiwa vidonge kumi, uliza. Na mtoto akiongezeka kilo, dozi ikaguliwe. Ndiyo kazi ya mizani.

Atapewa pia asidi ya foliki. Ratiba hutofautiana, wengine huandika kila siku, wengine mara moja kwa wiki siku inayofuata methotrekseti. Fuata ya daktari wako. Kinachonitia wasiwasi ni rangi: kidonge cha foliki mara nyingi ni kidogo cha njano, na cha methotrekseti mara nyingi ni kidogo cha njano. Usivichanganye kwenye kichupa kimoja, hata ukiwa safarini.

Halafu sumu ya kwenye duka la dawa la mtaani: Septrin, yaani kotrimoksazoli. Mtoto akikohoa au akiumwa njia ya mkojo, ni rahisi kuuziwa. Dawa hiyo nayo hushambulia folati, na ikikutana na methotrekseti uboho unaweza kuanguka hata kwa mtoto mwenye jeni nzuri kuliko zote. Hali kadhalika SP ya malaria. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote taja kwa sauti: “Anatumia methotrekseti.” Muuzaji akikuangalia tu bila kuuliza swali la pili, nenda duka jingine.

Kabla ya dozi ya kwanza achukuliwe damu: FBP, yaani hesabu ya chembe za damu, vimeng'enya vya ini ALT na AST, na kreatinini ya figo. Irudiwe baada ya wiki chache, kisha takribani kila miezi mitatu hali ikiwa shwari. Majibu yote yapige picha. Haya majibu ndiyo yanayoonyesha jeni za mwanao zinavyoishughulikia dawa. Ripoti yenye herufi za MTHFR haionyeshi hilo.

Daftari

Nunua kaunta buku. Kila wiki ukurasa mmoja, na kila ukurasa uandike: tarehe na dozi aliyomeza kweli, aliyotapika, aliyoruka. Asubuhi alikaza viungo dakika ngapi, tangu kuamka hadi anatembea kama watu. Viungo vipi vimevimba leo. Joto, kama kuna homa. Dawa nyingine yoyote, na za miti shamba pia. Hakuna atakayekugombeza kwa kuziandika, na kama yupo wa kukugombeza, afadhali akugombeze huku anajua.

Kisha andika jambo moja ambalo hawezi. Hili ndilo ninalolipenda, maana “maumivu saba kati ya kumi” mtoto wa miaka mitano hajui ni nini. Binti yetu alikuwa hawezi kuchuchumaa chooni, hawezi kuzungusha kitasa, na kwenye madrasa alikaa amenyoosha mguu mmoja huku wenzake wamekunja. Mama yake aliandika hivyohivyo, kwa Kiswahili cha nyumbani, na daktari aliyasoma hayo kabla ya kumgusa goti. Wiki alipoketi mkekani miguu yote miwili ndani, ikaandikwa. Kwa karatasi hizo daktari aliona nafuu imeanza wakati kipimo cha damu kilikuwa bado kinasuasua.

Madhara yaandikwe kwa wakati wake. Kichefuchefu cha usiku wa dawa na kesho yake ni cha kawaida, na kwa watoto kina tabia ya kukua kichwani: baada ya miezi, wengine hutapika wakiona tu rangi ya njano. Mpe usiku baada ya chakula, usimpe mbele ya wadogo zake wanaocheka, na mwambie daktari mapema, zipo dawa za kichefuchefu. Vidonda mdomoni, homa, michubuko isiyo na sababu, macho ya njano, kikohozi kikavu na kuhema, au kukaa karibu na mwenye tetekuwanga: hayo usiyaandike tu, piga simu au nenda. Na kama binti amefika umri wa kuweza kushika mimba aambiwe waziwazi, na mama au shangazi, kwamba dawa hii huharibu mimba.

Miezi mitatu imepita, haijamkubali

Kabla ya kusema ni jeni, pita hapa kwanza. Je, dozi inalingana na uzito wa sasa au wa mwaka jana? Kwenye daftari, dozi ngapi zilitapikwa au kurukwa kwa sababu dawa iliisha dukani? Boksi ni lilelile, halijakaa juu ya friji kwenye joto, tarehe haijapita?

Kisha njia. Methotrekseti ya kumeza ina ukomo: ikizidi takribani miligramu 15, utumbo hauingizi sehemu kubwa ya ziada, na kiasi kinachoingia hutofautiana sana mtoto kwa mtoto. Sindano ya chini ya ngozi hukwepa utumbo wote. Nimeona watoto walioitwa sugu wakibadilika baada ya kuhamishiwa sindano, dozi ileile. Kupandisha dozi ya sindano kupita kiasi, kwa upande mwingine, hakuna faida: jaribio lililochapishwa 2004 lililinganisha miligramu 15 na 30 kwa mita ya mraba, na 30 haikuongeza kitu.

Ukishapita hayo na bado magoti yamejaa, sasa sema: huyu mwili wake hauikubali dawa. Hapo ndipo kuna mazungumzo ya kuongeza au kubadili dawa, na hapo ndipo maswali ya jeni yanapoanza kulipa.

Jeni za kuuliza kweli

Sulfasalazini hupewa sana watoto wa aina ya kano, ambao wengi ni wavulana. Kabla haijaanza, uliza G6PD. Ni kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu. Upungufu wake umeenea mahali penye malaria, pwani yetu ikiwemo, na jeni yake iko kwenye kromosomu ya X, kwa hiyo anayeumia zaidi ni mtoto wa kiume aliyeirithi kwa mama asiyeonyesha dalili yoyote. Sulfasalazini inaweza kupasua chembe za mtoto wa namna hiyo. Ukanda huu umeshaionja habari hii: Lapdap, dawa ya malaria yenye dapsoni, iliondolewa sokoni 2008 kwa sababu ya damu kupasuka kwa wenye upungufu wa G6PD.

Kipimo cha G6PD hufanyika kwenye maabara za hospitali kubwa. Kisifanyike mara tu baada ya damu kupasuka au mtoto kuongezewa damu, maana chembe changa na chembe za mtu mwingine hudanganya jibu. Na kabla hata ya maabara, piga simu upande wa mama: yupo mjomba aliyewahi kuwa na macho ya njano na mkojo wa kahawia baada ya dawa au maharage fulani? Yupo kaka aliyekuwa njano sana siku za kuzaliwa? Mpeni daktari habari hiyo. Mjomba ni kipimo cha jeni kisicholipiwa.

Azathioprini, dawa ya kutuliza kinga ambayo wakati mwingine hupewa kwa ajili ya macho: uliza TPMT na NUDT15, jeni za vimeng'enya vinavyoipunguza nguvu dawa hiyo mwilini. Hizi zina mwongozo wa kimataifa unaobadilisha dozi. Aliyerithi TPMT dhaifu kutoka kwa baba na mama, dozi ya kawaida inaweza kumlaza uboho. Kwa watu wetu tofauti ya TPMT inayoonekana zaidi ni ile iitwayo *3C, kwa hiyo hakikisha maabara inaitafuta hiyo. Kipimo kisipopatikana, uliza kama ataanzishwa kwa dozi ndogo na FBP ya kila wiki mwanzoni.

Isoniazidi si dawa ya viungo, lakini mwanao anaweza kukutana nayo, kwa sababu kabla ya dawa za kibayolojia kama adalimumabu lazima kifua kikuu kilicholala kitafutwe na kutibiwa. Jeni ya NAT2 huamua ini linaiondoa isoniazidi upesi au polepole, na walio polepole, ambao Afrika Mashariki ni wengi, huumia ini zaidi. Ongeza methotrekseti kwenye ini hilohilo. Sidhani utapata kipimo cha NAT2 kirahisi, na huhitaji. Omba ALT irudiwe mapema na mara nyingi zaidi katika miezi hiyo. NAT2 hiyohiyo hushughulika na sehemu ya sulfasalazini, kwa hiyo mtoto aliyesumbuliwa sana na kichwa na kichefuchefu kwa moja, taja jambo hilo kabla ya kupewa nyingine.

Ibuprofeni huondolewa na kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP2C9. CPIC, kundi la kimataifa linaloandika miongozo ya dawa kwa kufuata jeni, lilitoa mwongozo wake 2020, lakini tofauti zilizochunguzwa zaidi, *2 na *3, ni za Wazungu. Kwetu kuna *8, na kipimo kisichoiangalia kitakuandikia “kawaida” bila kujua kitu. Kwa vitendo: mtoto ambaye dozi ndogo ya ibuprofeni inamvimbisha uso, inampunguzia mkojo au kumtoa damu tumboni, isirudiwe, bila kujali ripoti.

Na kodeini, dawa ya maumivu, mtoto chini ya miaka 12 asipewe kabisa. Mwili huigeuza kuwa mofini kwa kimeng'enya CYP2D6, na kuna watu wenye nakala za ziada za jeni hiyo wanaoigeuza kwa kasi ya hatari. Utafiti wa Ethiopia wa 1996 uliwakuta karibu 29 katika kila watu 100. Majirani zetu hao, tena damu zetu zimechanganyika.

Kwa wale walio ughaibuni ambao mtoto ana aina ya mwili mzima na anaandikiwa dawa za kuzuia IL-1 au IL-6, protini zinazochochea uvimbe: utafiti uliochapishwa 2022 ulihusisha HLA-DRB1*15 na mzio mkali wa kuchelewa kwa dawa hizo. Ulizeni. Huku dawa zenyewe bado tunazisikia zaidi kuliko kuziona.

Ukiwa tayari umepima

Ripoti iliyonunuliwa usiifiche, ilete. Lakini usiache foliki kwa sababu imeandikwa MTHFR, usinunue foliki ya bei mbaya inayotangazwa chini ya ripoti, na usikatae methotrekseti. Tafuta mistari miwili tu: ni tofauti zipi zilizoangaliwa, na zipi hazikuangaliwa. “Haikuonekana” maana yake haikuonekana kati ya zile walizotafuta.

Kabla ya kutuma mate ya mtoto nje ya nchi, kumbuka Tanzania ina sheria ya vinasaba vya binadamu ya 2009, na msimamizi wake ni Mkemia Mkuu wa Serikali. Kumbuka pia kwamba kipimo cha familia nzima kinaweza kujibu maswali ya ubaba ambayo hakuna aliyeuliza, na ndoa si ya kuijaribu kwa sababu ya goti. Utafiti ni habari nyingine. Ukiombwa mwanao achangie damu kwa utafiti wenye kibali, soma fomu, uliza sampuli itakaa wapi na kama mtapewa majibu, na ukiridhika, mchangieni. Kwenye hifadhi za jeni za dunia watoto wetu ni wachache, ndiyo maana *8 inasahaulika.

Mwisho kabisa, nyuma ya daftari andika kwa herufi kubwa dawa ambazo zimemkataa, dozi iliyotumika, na kilichotokea: ini, uboho, mzio, au hakuna nafuu tu. Mkihama mkoa, au mdogo wake naye akaanza kuchechemea, daktari mpya aanze na ukurasa huo.